Dumu, mchanga au vyuma vya dukani? Mwongozo kamili wa mazoezi ya nyumbani kwa sisi wa Kigoma

Kila mwezi nakutana na watu watatu wanne hapa mjini wenye stori moja. Mtu kaanza mazoezi nyumbani na dumu la maji, kaenda nalo kama wiki tano hivi, alafu kaacha. Mwingine kajibana akanunua dambeli (vyuma vifupi vya kushika mkononi) za kilo 2, mwezi haujaisha zikawa nyepesi, sasa ziko uvunguni. Nikiwauliza ilikuwaje majibu yanafanana: vidole vinauma, dumu linayumba, nguvu haiongezeki, mwili uko vile vile.

Nimeona niandike yote sehemu moja tufuate hatua kwa hatua. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: uzito wenyewe hamna haja ya kuununua. Maji ni uzito, mchanga ni uzito, hata mahindi ya ndani ni uzito, na msuli haujui kama unavuta chuma au unavuta mchanga. Kitu ambacho duka linakuuzia na nyumbani huna ni viwili tu, mshikio mzuri na uwezo wa kuongeza kidogo kidogo. Ukiweza kujitengenezea hivyo viwili unaenda miezi mitatu na zaidi bila kutoa hela ya maana. Wengi walioacha walikwama hapo, na mimi sikubali wakiitwa wavivu.

Vya kuandaa kabla hujagusa chochote

- Madumu 2 ya lita 20, madumu 2 ya lita 10, madumu 2 ya lita 5, yote yawe na vifuniko vyake
- Chupa 2 za maji za lita 1.5
- Viroba 2 vya salfeti vya kilo 50, vizima, visiwe na matundu
- Mchanga mkavu ndoo tatu. Kama kuna jirani anajenga muombe fundi, hawanyimagi
- Begi la mgongoni la shule, lile gumu
- Tyubu 2 kuukuu za baiskeli kutoka kwa fundi baiskeli
- Khanga kuukuu ya kuchana vipande
- Kigoda au benchi la mbao lisilocheza
- Mkeka
- Pakiti 4 za chumvi za nusu kilo (baadae utapikia, hazipotei)
- Daftari na kalamu. Usiiruke hii

Mizani utaazima. Mambo ya saruji na bomba yako mbele huko, usinunue sasa hivi.

Hatua ya 1: Safisha madumu, alafu yakague

Kwetu hapa madumu mengi ya njano yameshapita kwenye mawese. Mawese hayatoki kwa maji ya baridi, na tatizo kubwa liko kwenye mshikio, ukishika dumu lenye utelezi huku mkono una jasho linakuponyoka. Tia maji ya moto, sabuni ya unga, majivu na konzi ya mchanga, funga, tikisa kama unasukasuka maziwa, mwaga, rudia mara mbili. Mshikio usugue kwa nje na majivu mpaka kidole kikipita kilie.

Alafu ukague. Jaza maji mpaka shingoni, funga, lilaze ubavu kwenye sakafu kavu usiku mzima. Asubuhi angalia kama kuna unyevu. Angalia pia pale mshikio unapoungana na mwili wa dumu, kama plastiki imepauka na kuwa nyeupe au kuna ufa mwembamba hilo dumu ni la kuchotea maji tu. Plastiki iliyopigwa na jua miaka mingi inakatika bila taarifa, na kilo 20 zikitua kwenye kidole cha mguu umeshamaliza mazoezi ya mwezi huo.

Umefaulu kama: sakafu imeamka kavu na mshikio hautelezi hata mkono ukiwa na maji.

Hatua ya 2: Jua kilo zako

Hapa ndio wengi wanapotelea. Mtu anakuambia "nanyanyua dumu", dumu la ngapi, limejaa nusu au robo, hajui. Kama hujui leo umebeba kilo ngapi kesho utaongezaje?

Uzuri wa maji ni kwamba yanajipima yenyewe, lita 1 ni kilo 1. Mchanga mkavu ni mzito zaidi, lita 1 inakaribia kilo 1.6. Kwahiyo vyombo vilevile vinakupa uzito tofauti:

- Chupa ya lita 1.5: maji kilo 1.5, mchanga mkavu kama kilo 2.4
- Dumu la lita 5: maji kilo 5, mchanga kama kilo 8
- Dumu la lita 10: maji kilo 10, mchanga kama kilo 16
- Dumu la lita 20: maji kilo 20, na usilijaze mchanga kabisa. Ingekuwa kilo 32 na mshikio wake haukutengenezwa kwa mzigo huo

Dumu lenyewe tupu nalo lina uzito wake, la lita 20 ni kama kilo moja hivi. Na ukitumia dumu lililojaa mawese ya biashara kumbuka mafuta ni mepesi kuliko maji, lita 20 za mawese ni kama kilo 18.

Mchanga wa mtu na mtu haufanani, mwingine mnene mwingine laini, mwingine una unyevu. Kwahiyo peleka vyombo vyako ukapime kweli. Wauza dagaa na wauza mchele pale sokoni Mwanga wana mizani, nenda jioni wakati wateja wamepungua, muombe kwa heshima, "mama shikamoo, naomba nipimie kidogo hiki", nunua hata dagaa kidogo, dakika tano umemaliza. Ukipata ile mizani ya kusimamia, jipime mwenyewe kwanza, alafu jipime umebeba kiroba, toa.

Andika kilo kwa rangi au kalamu ya wino mzito kwenye kila chombo.

Umefaulu kama: kila chombo kina namba, na mtu mwingine akiingia kwako anaweza kukuambia kila kitu ni kilo ngapi bila kukuuliza.

Hatua ya 3: Tengeneza mshikio

Mshikio wa dumu ni mwembamba na una ukingo wa plastiki. Vidole vinachoka kabla msuli haujachoka, kwahiyo unaacha seti (mkupuo mmoja wa kurudia zoezi kabla ya kupumzika) kwa maumivu ya vidole wakati mgongo wala haujaguswa. Kuna mtu aliwahi kuniambia dumu "halijengi", shida yake ilikuwa hii.

Chana khanga vipande vya upana wa vidole vitatu, zungushia mshikio kwa kukaza, ongeza mpaka ukishika kidole gumba kinakutana vizuri na kidole cha shahada. Juu yake zungushia kipande cha tyubu ili kitambaa kisiteleze. Usizidishe unene, ukishindwa kufunga ngumi umezidisha.

Kwa kuvuta kwa mikono miwili tumia mpini wa jembe, upitishe kwenye mishikio ya madumu mawili, dumu moja kila upande. Ila kabla ya kunyanyua funga kamba nje ya kila dumu madumu yasiteleze kutoka mwisho wa mpini. Upande mmoja ukitoka, mwingine unakuvuta nao na kiuno kinapinda ghafla.

Umefaulu kama: unasimama na madumu mawili ya lita 20 sekunde 30 na kinachochoka ni mkono mzima, ngozi ya vidole haiwaki.

Hatua ya 4: Kiroba cha mchanga

Hiki ndio chuma chako kikubwa. Miguu, mgongo, makalio, vyote vinajengwa hapa. Mchanga uanike juani siku mbili kwanza, mchanga mbichi unaozesha kiroba na unatoa harufu.

1. Pima kilo 20 za mchanga, weka kwenye kiroba cha kwanza. Hata ukiweza zaidi anza na 20.
2. Funga mdomo kwa kipande cha tyubu, lakini acha nafasi kubwa juu ya mchanga, usikaze karibu. Kiroba kilichojaa ndindindi kinakuwa kama gogo, hakishikiki. Kikiwa na ulegevu unapata pa kukamata.
3. Ingiza kwenye kiroba cha pili, mdomo wa ndani uelekee chini, funga tena.

Usiishie na kiroba kimoja. Salfeti inapitisha vumbi, utakapokiweka begani vumbi linaingia machoni na puani, utaanza kupiga chafya katikati ya seti na kilo 20 ziko shingoni.

Umefaulu kama: umekiangusha chini mara 10 na hakuna mstari wa mchanga uliobaki sakafuni.

Hatua ya 5: Begi la mgongoni

Begi ni kwa pushapu na skwati (kuchuchumaa na kusimama) za mguu mmoja. Kabla hujatia mzigo lipeleke kwa fundi viatu, mwambie ashone upya mikanda kwa uzi wa nailoni pale inapoungana na begi juu na chini. Mikanda ya haya mabegi ni dhaifu na ikikatika ukiwa kwenye pushapu mzigo wote unahamia upande mmoja.

Mzigo wa ndani uwe kwenye chupa za plastiki zilizojaa mchanga, zilizofungwa na kuviringishwa na nguo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na hata ukipata ya zamani inapasuka. Panga vizito vikae juu kati ya mabega na vigusane na mgongo, vikikaa chini ya begi vinakuvuta kiuno na utapiga pushapu tumbo limeshuka. Anza na kilo 5.

Hatua ya 6: Tyubu

Watu wanaidharau tyubu kwa sababu wanaiona kila siku imefunga mkaa kwenye baiskeli. Ni kifaa kizuri sana kwa mabega na kwa misuli ya nyuma ya mkono, na kwa mtu anayeanza ni salama kuliko chuma.

Ikate sehemu yenye valvu uitoe, uoshe ule unga wa ndani, ivute taratibu yote ukiitazama kwenye mwanga. Kiraka, ufa, sehemu iliyokuwa nyembamba, kata tupa. Funga kwenye mti, mwembe wa uani unafaa kabisa, au nguzo ya kibaraza. Usiifunge kwenye kitasa cha mlango.

Onyo la kweli: tyubu ikikatika inarudi kwa nguvu usoni. Usivute ikielekea machoni, na iangalie kila wiki kabla ya kuanza.

Hatua ya 7: Tafuta uzito wako wa kuanzia

Hakuna uzito wa wanaume na uzito wa wanawake hapa, kuna uzito wako. Dada zetu wanaopandisha dumu la lita 20 kichwani mlima wa Mwanga kila asubuhi wana miguu ambayo kaka wengi hawana.

Jipashe moto dakika 5, kutembea haraka na kuzungusha mabega. Alafu chukua uzito mdogo, fanya mara 10. Ukihisi ungeweza kuendelea mpaka 20 ni mwepesi, panda. Uzito sahihi ni ule ambao ukifika mara 10 unaona kabisa zimebaki mbili au tatu tu ambazo ungeweza kuzifanya bila kupinda mgongo. Andika.

Kama una presha, una mimba, una ngiri, au umewahi kufanyiwa upasuaji karibuni, nenda zahanati uongee nao kwanza. Na ukipata maumivu ya kifua au kizunguzungu kikali acha hapo hapo. Kuuma kwa misuli siku ya pili na ya tatu ni kawaida. Kuuma kwa kiungo, yaani goti, bega, kiwiko, maumivu makali ya kuchoma, sio kawaida.

Hatua ya 8: Ratiba yenyewe

Siku 3 kwa wiki, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli walau siku 2 kwa wiki, kwahiyo 3 zinakutosha, na ile siku ya katikati ndio mwili unajijenga. Fanya alfajiri au jioni jua likishatua, mchana wa huku ukiwa na kiroba ni kujiumiza. Wiki mbili za kwanza seti 2 kwa kila zoezi, kuanzia ya tatu seti 3. Kati ya seti na seti pumzika dakika moja na nusu mpaka mbili, usikimbize.

*Skwati.* Kumbatia dumu la lita 20 kifuani (au la lita 10 kama ndio unaanza), miguu upana wa mabega, shuka kama unakaa kwenye kigoda, visigino visinyanyuke. Magoti yafuate njia ya vidole, yasiingie ndani. Kiweke kigoda kweli nyuma yako, makalio yakikigusa panda.

*Kuvuta mgongo.* Mkono mmoja na goti moja kwenye benchi, mgongo bapa kama meza, mkono mwingine unavuta dumu la lita 10 kuelekea kiunoni. Fikiria unavuta kwa kiwiko. Ukiona unazungusha mwili mzima ili lipande, uzito umezidi.

*Pushapu na begi.* Kama pushapu 10 za kawaida bado hazitoki safi, usibebe begi, weka mikono kwenye benchi kwanza. Hamna aibu, ndio njia yenyewe.

*Kunyanyua kiroba kutoka chini.* Hili ndio zoezi linaloumiza viuno vya watu, kwahiyo soma mara mbili. Simama kiroba kikiwa katikati ya miguu, sukuma makalio nyuma, kunja magoti, kifua mbele, kamata ule ulegevu wa salfeti, vuta pumzi ujaze tumbo, kisha nyanyuka kwa kusukuma ardhi na miguu. Kiroba kikuguseguse mwili njia nzima. Kikiwa mbali na wewe hata kwa shubiri mbili, mzigo kwenye kiuno unakuwa mkubwa sana. Wabeba mizigo wa Kibirizi ukiwatazama vizuri gunia halikai mbali na mwili hata sekunde moja.

*Kusukuma juu ya kichwa.* Dumu la lita 5 kila mkono. Kaza tumbo na makalio, usijipinde nyuma. Vifuniko vikazwe kweli, na ukichoka usilazimishe moja ya mwisho, kitu kilichoko juu ya kichwa sio cha kujaribishia.

*Kubeba na kutembea.* Madumu mawili ya lita 20, moja kila mkono, mabega chini, tembea hatua 40. Unakaa mlimani? Tumia mlima wako, panda na uzito, shuka bila uzito. Kushuka na mzigo kwenye kokoto ndio watu wanateleza.

Misuli ya mbele na ya nyuma ya mkono malizia na tyubu, mara 15 seti mbili, inatosha.

Hatua ya 9: Kuongeza

Ukiniuliza katika hatua zote ipi ni ya kushika, ni hii. Mwili unajenga nguvu pale tu unapodaiwa zaidi ya ulichozoea. Ukifanya dumu lilelile mara zilezile miezi mitatu, mwezi wa kwanza ndio ulikujenga, miwili iliyobaki ilikutunza tu.

Kanuni ni hii. Anza na mara 8. Kila siku ya mazoezi jaribu kuongeza moja. Ukifika mara 15 kwa seti zote 3 bila kuharibu mtindo, ongeza uzito na urudi kwenye 8. Sio lazima uzito uwe mkubwa sana, hata mwepesi kiasi unajenga msuli mradi seti iishe ukiwa umebakiza mbili tatu. Ila ukishaona unavuka 30 ndio seti iishe, hapo unapoteza muda, ongeza.

Kwa miguu na kiroba ongeza kilo 2.5 mpaka 5. Kwa mikono na mabega nusu kilo mpaka kilo moja, na hapa ndio maji yanakuangusha. Dumu la lita 5 likiwa nusu maji yanapigapiga huku na huku, bega linahangaika kutuliza dumu badala ya kusukuma. Na kutoka maji kilo 5 kuruka mpaka mchanga kilo 8 ni mruko mkubwa mno kwa bega la mtu.

Dawa yake: kwenye madumu madogo mwaga maji, weka mchanga kwa kikombe. Kikombe cha robo lita ni kama gramu 400. Mchanga unakaa chini umetulia hata kama haujajaa. Unaongeza kikombe kimoja kimoja, andika. Ukilijaza lote na bado unataka zaidi, mimina maji taratibu juu ya mchanga, yanaingia kwenye nafasi za katikati ya chembe na dumu la lita 5 linakaribia kilo 10. Ukishatia maji hilo dumu ni la hivyo daima, mchanga wake hautoki kirahisi.

Kwenye begi tumia zile pakiti za chumvi, moja nusu kilo kamili, imeshapimwa na kiwanda.

Na kula. Huwezi kujenga nyumba bila tofali, na sisi huku tumebarikiwa, dagaa, migebuka, maharage ya Kasulu. Sahani yako ya mchana na ya usiku iwe na kimojawapo kwa wingi, ugali usiwe mlima na mboga kijiko.

Umefaulu kama: ukifungua daftari la wiki ya 6 ukalilinganisha na wiki ya 1, kila zoezi lina namba kubwa zaidi, ama mara ama kilo.

Hatua ya 10: Sasa lini ununue vyuma, na ununue nini

Usinunue kabla ya wiki 12. Wiki 12 kwa siku 3 ni mara 36, kama daftari linaonyesha umefanya 30 na zaidi, wewe ni wa kununua. Chini ya hapo hela yako itakwenda uvunguni.

Dalili nyingine ni ya vyombo vyenyewe. Dumu la lita 10 ni pana, ukilisukuma juu linagonga kichwa, ukikunja mkono linagonga paja. Mabega na kifua ndio vinahitaji chuma mapema. Miguu na mgongo unaweza kukaa na kiroba mwaka mzima kwa kuongeza mchanga tu.

Ukifika dukani achana na zile dambeli zilizofungwa uzito mmoja. Chukua za kubadilisha, fimbo fupi mbili na sahani (vyuma vya duara vyenye tundu katikati) za kuongeza. Na zile za plastiki za rangi rangi, nyingi ndani ni saruji au mchanga. Mimi mwenyewe niliuziwa pea kwenye duka moja, nikalipa bei ya chuma, ikapasuka ukingoni unga wa saruji ukamwagika kwenye mkeka. Ndio maana nakuambia gonga kwa sarafu, chuma kinalia.

Vya kukagua:

- Tundu la sahani na unene wa fimbo vilingane. Kuna sahani za tundu dogo la milimita 25 mpaka 30 hivi na kuna za milimita 50. Ya 50 kwenye fimbo nyembamba inachezacheza na ni hatari
- Vifungio viwe vya kukaza kwa nati, uvikaze uitikise fimbo ikiwa imesimama wima
- Kuwe na sahani ndogo za kilo 1.25. Bila hizo umerudi kwenye tatizo la kuruka
- Bei igawe kwa kilo. Tuseme seti ya kilo 10 inauzwa 60,000 na ya kilo 30 inauzwa 150,000, ya kwanza ni 6,000 kwa kilo, ya pili 5,000. Hizo ni namba za mfano tu, we fanya hesabu na bei utakayoikuta

Na kuna jambo letu watu wa Kigoma. Kutoka Dar mpaka hapa kwa reli ni zaidi ya kilometa 1,200, mzigo mzito unalipiwa. Ukiagiza kilo 50 za chuma unalipia usafiri wa kilo 50 za kitu ambacho hapa unaweza kukipata. Agiza fimbo, vifungio na sahani ndogo tu. Kilo kubwa kubwa zitafute kwa wauza vyuma chakavu, wanapima kwa kilo, gia kuukuu na magurudumu ya mashine yenye tundu katikati ni sahani tosha, mchomeleaji anakusaidia kusawazisha tundu na kung'oa makali.

Hatua ya 11: Kama hela bado, zege

Kwa fimbo ndefu unahitaji bomba la chuma la inchi 1 lenye urefu wa mita 1.5, makopo 2 ya rangi ya lita 4, saruji kilo 3 mpaka 4 (hadwea wengi wanapima), mchanga, kokoto ndogo. Kopo la lita 4 la zege linatoka kama kilo 9.5.

1. Mwisho wa bomba kila upande toboa, pitisha kipande cha nondo kama msalaba. Bila hicho bomba litazunguka ndani ya zege na siku moja litachomoka.
2. Changanya saruji 1, mchanga 2, kokoto 3. Vaa glavu, saruji inachoma ngozi. Maji kidogo kidogo, ukifinyanga donge likae bila kuchuruzika. Maji mengi ni zege dhaifu.
3. Jaza kopo, simamisha bomba katikati kabisa, gonga gonga kopo hewa itoke, lifunge bomba kwa kamba tatu lisilale.
4. Acha siku 3 kivulini, ndio ugeuze ufanye upande wa pili.
5. Funika na gunia bichi, lilowanishe asubuhi na jioni siku 7. Jua letu likikausha zege haraka linapasuka.
6. Subiri siku 28 ndipo ubebe. Najua inachosha, lakini zege linaendelea kukomaa kwa siku zote hizo.

Umefaulu kama: ukiigonga inalia kama jiwe, haina ufa, na ukiiviringisha kwenye sakafu bomba halipandi na kushuka.

Zoezi la kulala chali na kusukuma fimbo juu ya kifua usilifanye peke yako ndani. Fimbo ikikulalia shingoni hakuna wa kuitoa. Awepo mtu, mtu mzima.

Hatua ya 12: Kuhifadhi

Vitu vizito vilale chini, visisimamishwe ukutani, watoto wanavuta kila kitu. Madumu yenye maji yafungwe vifuniko muda wote, dumu wazi wiki moja ni mazalia ya mbu nyumbani kwako. Maji yabadilishe yakianza kuota ukijani. Kiroba kikae juu ya ubao, sakafu ya udongo inapitisha unyevu na panya wanatoboa.

Na madumu ya mazoezi yapige alama ya X kubwa ya rangi. Siku ambayo bomba halitoki maji, mtu wa nyumbani atachukua hilo dumu la kwanza analoliona, na kama ndani kuna mchanga au maji ya miezi miwili ni bora ajue kabla hajamimina kwenye sufuria.